Matabishi ya Mama Feli

Lubumbashi, siku moja kabla hujaondoka

Ndaya mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko zamu hospitalini hadi jioni. Nimebaki na masanduku yako mawili, mfuko wa viatu, na kile kibao cha duka lako jipya ulichokiegemeza ukutani ili rangi yake ikauke. Nimekitazama tangu saa saba mchana. Herufi ni nyekundu, kubwa, zimenyooka: HAPA HATUTOI MATABISHI. Chini yake, kwa herufi ndogo, umeweka sentensi ya makala yangu: "Rushwa huanza na kiganja kimoja cha unga." Jana uliponionyesha ulisimama kando yake kama mtu anayepigwa picha, ukasema, "Papa, article yako sasa itaishi Kambove." Nikasema ni vizuri. Kisha nikatoka nje nikajifanya nimesikia mtu ananiita.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji wala ya kufunga mlango wa duka. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mara tano na kesho ataongeza ya sita. Nataka kukuambia jambo moja nililolificha miaka mitatu. Naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaligeuza hotuba. Unanijua. Nikipewa nafasi ya kuomba radhi, natumia dakika kumi kueleza makosa ya serikali.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo nililolitumia kama kisu.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa mezani, ukauliza, "Papa, neno matabishi limetoka wapi?" Hakuna swali ambalo lingeweza kunipa raha kuliko hilo. Nikaacha kula, ugali wetu wa bukari ukapoa. Nikakueleza kwamba lilikuja na Wareno kutoka upande wa Angola. Kwamba kwao "mata" ni kuua, na "bicho" ni mdudu. Kwamba watu wa zamani waliamini tumbo lisilokula lina mdudu anayelitafuna, na dawa yake asubuhi ni funda moja la pombe kali. Funda hilo wakaliita kuua mdudu. Nikakueleza jinsi neno lilivyotembea na misafara: mbebaji apewe funda lake kabla ya kunyanyua mzigo, baadaye, badala ya funda, apewe chumvi kidogo au kipande cha kitambaa juu ya ujira wake. Lilipofika kwetu lilikuwa limekwisha kumsahau mdudu na pombe yake. Likawa jina la chochote kinachoongezwa juu ya kile mlichopatana. Sokoni ni kiganja cha unga juu ya kipimo. Ofisini ni kile karani anachokingoja ili mhuri ushuke kwenye karatasi.

Nilisema vizuri sana siku ile. Ukanisikiliza hadi mwisho, ukalamba kidole, ukasema: "Mama Feli anasema matabishi njo kusema, urudi tena kesho."

Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Lakini siku hiyo ndipo nilipoanza kumchukia Mama Feli.

Mwanamke huyo unamjua kuliko ninavyomjua: mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye meza ya unga wa mahindi pale soko la Naviundu, hatua hamsini kutoka mlango wetu. Hakuniibia mtoto. Wewe ulikuwa mtoto wa kuimba, na mimi nilikuwa naandika sebuleni kwa sababu nyumba haina chumba kingine. Kila ulipofungua mdomo nilipiga kelele, "Nenda nje, ninafanya kazi!" Naikumbuka makala moja niliyokuwa naiandika wakati huo. Ilikuwa kali, watu waliisifu. Ilihusu wazazi wa mji huu wanaowaachia watoto wao barabara.

Basi ukaenda nje, na nje palikuwa na meza ya Mama Feli.

Nilikuona kutoka dirishani. Yeye anajaza meka, kile kibakuli cha kupimia, mpaka unga unasimama kama kichuguu. Anaumwaga kwenye mfuko wa mteja. Kisha inakuja zamu ya matabishi, na hiyo alikuachia wewe. Kiganja chako kilikuwa kidogo, kwa hiyo alikuruhusu utie mara tatu. Wateja walipenda. Walipanga mstari upande wako, wakasema, "Tunangoya mukono ya mutoto." Jioni ulikuja nyumbani na nyusi nyeupe, ukanisimulia sheria zake: unatoa kabla hujaombwa, hufungi vidole wakati wa kuchota, kwa sababu anayefunga vidole anataka aonekane ametoa wakati hajatoa, na wakati wa kutoa humtazami mteja usoni, ili asione haya. Mjane anapata zaidi. Aliyejifungua anapata zaidi. Aliyegombana nawe jana anapata zaidi kuliko wote.

Nilikuuliza, "Na mimi ningepata kiasi gani?" Ukafikiri kwa makini. Ukasema, "Papa, weye haukuyaka ku soko."

Nilijaribu kukurudisha. Unakumbuka Jumapili zile za Karavia? Ulidhani nimepata fedha. Sikuwa nazo. Niliazima shati kwa rafiki, nikakupeleka pale wenye magari wanapokwenda kupumzika, tukakaa kwenye viti vya watu, nikakununulia nyama ya kuchoma kwenye vijiti na soda ya limau. Nikakuonyesha maji, miti, nikakusomea gazeti. Ulikula kijiti kimoja. Cha pili ukakifunga kwenye karatasi. Nikasema, "Kula, mama, kitapoa." Ukasema, "Hiki ni cha Mama Feli, hajawahi kufika huku."

Nilirudi nyumbani kwa mguu siku ile, Ndaya, nikikushika mkono mmoja, na mkono wako mwingine ukishika nyama ya mwanamke mwingine. Nimegombana na watu wakubwa katika mji huu. Nimeitwa kwenye ofisi ambazo mtu huingia akiwa amevaa koti na kutoka akiwa amelishika mkononi. Hakuna aliyenishinda kama muuza unga yule, na yeye hakujua kwamba tunashindana.

Sasa nakuja kwenye ile makala.

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa na sababu nzuri ya kuandika. Mtu mwenye wivu hakosi sababu nzuri. Wiki ile kizuizi cha barabarani kilimchelewesha mgonjwa kwa sababu dereva hakuwa na matabishi ya kumpa aliyeshika kamba. Hasira yangu ilikuwa ya haki. Ningeweza kuandika juu ya mtu wa kamba. Nilianza naye, kweli. Lakini katika aya ya tatu kalamu iligeuka yenyewe, ikashuka hadi Naviundu. Nikauliza: yule mtu wa kamba alijifunza wapi? Nikajibu: alijifunza mezani kwa mama anayeuza unga, alipokuwa mtoto, alipofundishwa kwamba kipimo halali hakitoshi, lazima kiongezewe kitu mkononi. Nikamchora mama huyo. Sikumtaja jina. Nikaweka kitambaa cha kijani kichwani, nikaweka pengo la meno ya mbele, nikaweka mtoto mdogo pembeni mwenye nyusi nyeupe. Kisha nikamaliza na ile sentensi.

Ilichapishwa, ikasomwa redioni mara mbili. Watu walinipongeza barabarani. Wewe uliikata ukaibandika juu ya kitanda chako.

Nikuambie nilichokuwa nakijua wakati naiandika. Nilijua kwamba mtu wa kamba anauza kitu ambacho si chake: barabara. Karani anauza mhuri ambao si wake. Mama Feli alikuwa anachota kutoka gunia lake mwenyewe, alilolilipia mwenyewe, akampa mtu ambaye amekwisha kulipa, bila kuombwa na bila kumtazama usoni. Yule wa kwanza anakuzuia mpaka utoe. Huyu anakupa na kukuacha uende zako. Jina lao ni moja kwa sababu maneno husafiri ovyo, yanabebwa na watu wenye haraka. Mtoto wa darasa la nne angeiona tofauti hiyo. Niliiona. Nikaiandika kwenye karatasi ya pembeni, aya nzima, nzuri. Kisha nikaitoa, kwa sababu ilikuwa inaiharibu makala. Na ilikuwa inaiharibu kwa kuwa ilikuwa ya kweli.

Unajua kilichofuata sokoni, lakini nataka kiandikwe kwa mkono wangu. Vijana walianza kumwita Mama Rushwa. Walipita wakisema, "Mama, na shiye tupatie ya muhuri!" Mwanzoni alicheka nao. Halafu siku moja mteja mgeni alikataa kiganja chake, akarudisha mkono nyuma kama amewekewa uchafu. Baada ya hapo aliacha kutoa. Alisawazisha meka kwa ubao, kavu, kama wanavyofanya wale wa maghala. Na watu walewale waliocheka wakahamia meza nyingine, kwa sababu kwake unga ulikuwa umekuwa unga tu.

Kisha ukaja wewe. Hukutumwa na mtu. Ulivaa sare ya shule, ukasimama mbele ya meza uliyokulia kando yake, ukasema mbele ya wateja, "Mama Feli, hii kintu yako njo inaharibisha inchi." Nilikuwa nimesimama kwa fundi wa viatu, nyuma ya mlango wake. Nilisikia kila neno. Nilimwona akipangusa meza iliyokuwa safi. Akasema, "Sawa, mama," basi. Ukageuka ukaondoka na mgongo ulionyooka, na tangu siku hiyo unapita njia ya mtoni hata wakati wa matope.

Ningeweza kukufuata. Hatua kumi tu. Ningekuambia, "Rudi, nimekosea, nimeandika kwa wivu." Mwanangu, sikukufuata kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Nimejaribu mchana huu kutafuta neno lingine, lenye heshima kidogo, na sikulipata. Nilifurahi. Jioni ile ulikaa karibu nami, ukaniuliza ninaandika nini, nikakusomea. Nikawaza: amerudi. Miaka mitatu nimekula matunda ya siku ile, jioni baada ya jioni, na mama yako akinitazama kutoka mlangoni. Yeye aliliona mapema. Aliniambia, "Weye unamuonea wivu muuza unga." Nikamjibu kwa dakika kumi.

Kama ungekwenda kufanya kazi ya karatasi mahali fulani, labda ningekufa na siri hii. Lakini unakwenda kufungua duka la unga, Ndaya. Kati ya kazi zote za dunia ulichagua hiyo, na hukujiuliza kwa nini. Unakwenda Kambove, mahali ambapo wachimbaji wanashuka shimoni asubuhi na wake zao hawajui kama jioni watapika kwa watu wanne au kwa watatu. Na utawatundikia mlangoni sentensi ya baba yako. Niliiona jana na rangi bado mbichi, nikaogopa. Duka linaweza kufa, hilo ni jambo la kawaida. Nilichoogopa ni kwamba utakuwa mtu mgumu kwa ajili yangu, ukidhani ugumu huo ni ukweli.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilikwenda kwake.

Nilipanga mstari nyuma ya wanawake wawili. Aliponiona aliweka meka chini. "Ba Papa Ndaya!" akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa fundi wa viatu. "Leo radio imekuya yenyewe ku soko!"

Mmoja wa wale wanawake akanigeukia. "Mama Feli, njo ule wa radio?"

"Njo yeye. Musimuogope, anaumaka mu radio tu."

Wakacheka. Nikangoja wamalize, waende. Nikasema, "Nimekuya kuomba pardon."

"Pardon ya nini?"

"Ya article."

"Aa, ile." Akapepeta kitambaa chake. "Miye nilijua tangu siku ya kwanza. Muntu mwenye kuchukia unga hapana kusema na moto vile. Vile njo banaume banasemaka wakati bibi yao anapenda mungine." Akanitazama, akaanza kutabasamu kwa lile pengo nililoliuza gazetini. "Lakini kwa weye haikukuwa bibi. Ilikuwa mutoto."

Iandike mahali: nilimkubalia kwa kichwa, bila zile dakika kumi zangu.

Nikasema, "Ndaya hajui bado."

"Umuambie mbele ya safari. Asibebe ile kintu mu njia." Kisha, kana kwamba anauliza bei ya mahindi: "Anapandaka bus ya saa ine, si vile? Na duka iko karibu na kanisa, ile ya mulango mubili?"

Mwanangu, mimi baba yako sikujua kwamba duka lako lina milango miwili. Yeye alijua. Alijua jina la mwenye nyumba, alijua ulivyopungua uzito mwezi wa mitihani, alijua kwamba ulikata nywele kisha ukajuta. Miaka mitatu hukumsalimu, na kila mteja aliyekuona alimletea habari yako, naye akaipokea. Nilikwenda kuomba radhi na nikarudi na wivu mpya. Nakuambia hili ili usidhani barua hii imeandikwa na mtu aliyepona.

Niliona haya kuondoka mikono mitupu, nikamwomba meka moja. Akaipima. Nilipokuwa nafunga mfuko, aliingiza mkono guniani, akachota, vidole vimefunguliwa, akaniongezea. Uso wake ulikuwa umegeukia upande mwingine, anamwita mteja. Afadhali angenitukana.

Sitakuamuru juu ya kibao. Duka ni lako, na una akili kuliko mimi nilipokuwa na umri wako. Labda utaona kwamba biashara ya Kambove haiwezi kubeba kiganja cha ziada, nawe utakuwa sahihi. Pima mwenyewe, kwa sababu zako. Ila ondoa sentensi yangu chini yake kama bado unalipenda jina langu. Mtu asikuulize siku moja, "Nani alisema haya?" ukalazimika kumtaja baba yako kwa fahari.

Na kuna jambo ambalo siwezi kukufanyia. Nimeomba radhi ya kwangu. Ya kwako ipo kwako, ingawa kosa lako lilizaliwa na langu. Mama Feli hakusema uende. Alisema tu kwamba hawezi kumwita mtoto wa watu. "Akuye mwenyewe akitaka," akasema. Halafu akageuka haraka akaanza kupanga magunia ambayo yalikuwa yamepangwa.

Basi la saa nne halitangoja, kwa hiyo nimefikiria hivi. Kesho toka nyumbani saa moja. Pita sokoni, si njia ya mtoni. Nenda peke yako. Mimi na mama yako tutachukua mizigo, tutakuwa kituoni kabla yako, na nitamshughulisha dereva. Kwa kugombana na madereva nina kipaji. Nilikuwa nimepanga kukusindikiza mimi mwenyewe, nikushike mkono njia nzima, nikuambie maneno niliyoyatayarisha tangu mwaka jana. Maneno hayo ni mazuri mno. Nimeyaacha. Saa zile tatu ni zako na yeye. Akitaka kuja nawe hadi kituoni, aje. Nitasimama pembeni. Nitajaribu kusimama pembeni.

Sitakuuliza mlizungumza nini. Nitakuuliza, najijua, lakini usinijibu.

Ukifika Kambove, ukishafungua milango yako yote miwili, mpigie simu yeye kwanza. Kisha nipigie mimi. Usikawie sana kati ya simu ya kwanza na ya pili.

Papa yako